SIKU 30 SI NYINGI
Safari yetu ya kutembelea mahakama za Songwe

Na Bwana Shamba, Tunduma

Kila mkulima anajua kwamba kilimo kina siku zake. Mahindi yana siku za kupandwa, siku za kupaliliwa na siku za kuvunwa. Ukichelewa kupanda, mvua haikusubiri.

Mahakama nayo ina siku zake. Ukichelewa, haki yako yaweza kukupita hata kama ulikuwa nayo. Lakini wengi wetu vijijini hatuzijui siku hizo. Mahakama tunaijua kwa nje tu. Tunaona jengo, tunaona bendera, tunaona watu kwenye mabenchi wakisubiri kuitwa. Kisha tunapita mbali, kama kwamba kupita karibu ni kujitafutia kesi.

Mwezi Juni 2024 marafiki wanne tulifunga safari ya kutembelea mahakama za Mkoa wa Songwe. Alikuwapo Bwana Mifugo. Alikuwapo Mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwapo Bibi Maendeleo, na mimi Bwana Shamba. Sote tulikuwa likizo. Mwalimu ana pikapu kuukuu, sisi wengine tukachanga mafuta.

Hatukuwa na kesi. Lakini kazi zetu ni za vijijini, na kila wiki mtu hutuuliza, "Nimeonewa, niende wapi?" Tulitaka kuona wenyewe ili tujibu vizuri.

TUNDUMA: NGAZI YA KWANZA

Tulianzia nyumbani, Tunduma. Mji huu uko mpakani. Ukivuka tu uko Nakonde, nchi ya Zambia. Malori hupanga foleni ndefu barabarani, na reli ya TAZARA inapita hapa. Watu wananunua na kuuza tangu asubuhi mpaka usiku. Penye biashara nyingi hapakosi madeni, na penye madeni hapakosi kesi.

Tuliingia Mahakama ya Mwanzo. Mlinzi alituuliza, "Mna kesi gani?" Tukamjibu, "Hatuna. Tumekuja kusikiliza." Alitushangaa kidogo, kisha akatuonyesha benchi la nyuma.

Ndugu msomaji, shika jambo hili la kwanza. Kesi husikilizwa hadharani. Mwananchi yeyote anaweza kuingia, kukaa kimya na kusikiliza, isipokuwa kesi chache ambazo sheria inataka zisikilizwe faraghani. Unazima simu yako, unavua kofia, unanyamaza. Hakuna kiingilio.

Mahakama ya Mwanzo ndiyo iliyo karibu zaidi na mwanakijiji. Husikiliza kesi za madai, kama deni. Husikiliza makosa madogo ya jinai, kama wizi mdogo na kupigana. Husikiliza pia mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Lugha yake ni Kiswahili.

Mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Wakati wa Waingereza, kesi za wenyeji zilisikilizwa katika mahakama za machifu. Huku kwetu watawala wa jadi waliitwa Mwene. Mwene alitoza kodi, alitoa amri, na yeye huyo huyo aliamua kesi. Kama ugomvi wako ulikuwa na Mwene mwenyewe, ulikuwa na kazi kubwa. Baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali ilifuta utawala wa machifu. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu. Mtawala akatenganishwa na hakimu. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1984, lakini ngazi za mahakama zimebaki: Mwanzo, Wilaya, Mahakama Kuu. Juu kabisa ipo Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979.

Kwa miaka mingi hakimu wa Mahakama ya Mwanzo aliketi na wazee wa baraza. Hao walikuwa raia wa kawaida wanaojua mila za mahali pale. Babu zetu wengi walipata kukaa katika viti hivyo.

Karani alitueleza habari ya malipo. Anayelalamika katika kesi ya jinai halipi ada. Kesi ya madai ina ada. Ada hiyo hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ile ambayo wengi huiita kontroli namba. Ukilipa, unapata risiti. Fedha isiyo na risiti si ada. Mtu yeyote akikuomba fedha ya pembeni, piga simu TAKUKURU namba 113. Simu hiyo ni bure.

ITUMBA: NGAZI YA PILI

Kesho yake tulikwenda Ileje. Tulifika Mpemba, tukaacha barabara kuu ya Mbeya, tukashika njia ya Isongole. Huko ni nchi ya milima, migomba, kahawa na maharage. Ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi. Makao makuu ya Wilaya ya Ileje yako Itumba, na hapo ipo Mahakama ya Wilaya.

Mahakama ya Wilaya inasikiliza kesi kubwa kuliko zile za Mwanzo. Tena ina kazi nyingine muhimu sana kwetu. Inapokea rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo.

Rufaa ni nini? Ni kusema, "Sikuridhika na hukumu. Naomba mahakama ya juu iitazame tena." Kukata rufaa si utovu wa adabu. Si kumtukana hakimu. Sheria yenyewe imekupa ruhusa hiyo.

Lakini ruhusa hiyo ina siku. Ukishindwa katika Mahakama ya Mwanzo, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Siku hizo huhesabiwa tangu hukumu ilipotolewa. Hazihesabiwi tangu siku uliyopata nauli. Hazihesabiwi tangu siku uliyomaliza kuvuna.

MZEE WA SIKU 47

Katika mahakama moja ya safari yetu, ambayo sitaitaja, tulimkuta mzee amekaa peke yake chini ya mti. Alikuwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Bibi Maendeleo alimsalimu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Mzee alitueleza habari yake. Alikuwa ameshindwa kesi ya madai katika Mahakama ya Mwanzo. Madai yalikuwa ya ng'ombe wawili. Yeye alisema alikwisha kuwalipa, na shahidi alikuwa naye, lakini siku ya kesi shahidi huyo aliumwa. Aliposhindwa alirudi nyumbani, akangoja auze maharage apate nauli. Akaja. Siku aliyokuja ilikuwa ya 47.

Karani alimweleza kwa upole kwamba rufaa yake haiwezi kupokelewa hivi hivi. Sharti kwanza aiombe mahakama imwongezee muda, na aeleze sababu ya kuchelewa. Mahakama yaweza kukubali. Yaweza pia kukataa.

Bibi Maendeleo aliomba ile karatasi akaisoma. Ilikuwa nakala ya hukumu. Tarehe ilikuwapo. Mwishoni paliandikwa kwamba haki ya rufaa ni siku 30.

"Mzee, karatasi hii ulimwonyesha nani nyumbani?"

"Sikumwonyesha mtu. Niliiweka chini ya godoro isipotee."

"Nyumbani nani anajua kusoma?"

"Mjukuu wangu. Yuko darasa la tano."

Hakuna aliyecheka. Mjukuu alilala chumba cha pili, na neno lililoweza kumwokoa babu yake lilikuwa chini ya godoro kwa siku 47. Mwalimu alikaa na mzee, akamsaidia kuandika sababu zake. Tulipoondoka mzee alikuwa bado anamsubiri karani.

Ndugu msomaji, wewe umejifunza kusoma. Karatasi ya mahakama ikiingia nyumbani kwako, isome siku hiyo hiyo. Tafuta tarehe. Chukua kalenda, hesabu siku, utie alama. Kama jirani yako hajui kusoma, msomee.

VWAWA: KISWAHILI KIMEPANDA

Kutoka Itumba tulirudi barabara kuu, tukaenda Vwawa katika Wilaya ya Mbozi. Wakulima walikuwa wakichuma kahawa. Vwawa ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Songwe. Mkoa huu ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Kabla ya hapo, mtu wa Tunduma aliyetafuta ofisi ya mkoa alisafiri mpaka Mbeya mjini.

Hapa ipo Mahakama ya Wilaya ya Mbozi. Ipo pia Mahakama ya Hakimu Mkazi ya mkoa. Mahakama hizi mbili zina mawakili, wale wasomi wa sheria wanaovaa suti nyeusi. Zamani kumbukumbu za mahakama hizi ziliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima alisema kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, na hukumu ikatoka kwa Kiingereza. Mtu aliweza kushinda kesi asijue ameshinda kwa sababu gani.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria. Kiswahili kikawa lugha ya sheria na lugha ya mahakama zote, ingawa Kiingereza bado chaweza kutumika pale haki inapohitaji. Basi ukipewa hukumu kwa lugha usiyoielewa, usione haya. Uliza.

Je, asiye na fedha ya wakili afanye nini? Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Sheria hiyo inawatambua wasaidizi wa kisheria. Hao ni watu waliopewa mafunzo ya kuwasaidia wananchi kujua sheria. Msaada wao ni bure. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii katika halmashauri yako, watakuonyesha walipo.

MKWAJUNI: SHAMBA NA NG'OMBE

Siku ya tatu tulipita Mlowo tukafika Mbalizi. Hapo tukaacha barabara kuu, tukateremka bondeni kupitia Galula mpaka Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe. Baridi ya Mbozi ilibaki juu, makoti tukayavua. Huku pia upo Mto Songwe, lakini si ule wa Ileje. Ule wa Ileje unakwenda Ziwa Nyasa. Huu unakwenda Ziwa Rukwa.

Bondeni kuna mashamba, kuna machimbo ya dhahabu, na kuna ng'ombe wengi. Njiani Bwana Mifugo na mimi tulibishana. Yeye alisema wakulima hulima mpaka njia za ng'ombe. Mimi nikasema wafugaji huachia watoto wadogo makundi makubwa. Mwalimu akasema, "Nyinyi wawili mngekuwa kijijini, mngekwisha fika mahakamani." Tukacheka, lakini ni kweli. Kesi za namna hii ni nyingi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu hupotea njia.

Mgogoro wa ardhi hauanzii Mahakama ya Mwanzo. Ardhi ina mabaraza yake. Kijijini lipo Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina watu saba, na wasiopungua watatu ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, nenda Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata haliamui tena nani ameshinda kesi ya ardhi. Kazi yake nayo ni kusuluhisha tu. Likishindwa, linakupa hati ya kueleza kwamba usuluhishi umeshindikana. Ukiwa na hati hiyo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita Baraza la Kata halijasuluhisha, unaweza pia kwenda huko.

Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya likikuamulia vibaya, rufaa yake inakwenda Mahakama Kuu. Hapo siku ni 45.

Na ng'ombe wakila mahindi yako? Usipige ng'ombe. Usikate mkia wa ng'ombe. Ukifanya hivyo, mdai atageuka mshtakiwa. Fanya hivi:

Kwanza, mwite mtendaji wa kijiji na majirani wawili siku hiyo hiyo. Waone nyayo na mahindi yaliyovunjika. Mvua ikinyesha, nyayo hufutika.

Pili, mwite bwana shamba afanye tathmini. Tathmini ni kupima hasara. Tunapima eneo lililoliwa. Ekari moja ni karibu mita 64 kwa mita 64. Mahindi yaliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, shina moja kila shimo, hufika mashina karibu 18,000 katika ekari. Tunahesabu yaliyoharibika, tunakadiria magunia, tunatazama bei ya soko. Kisha tunaandika, tunatia sahihi na tarehe.

Tatu, chukua nakala ya tathmini na uitunze.

Mkulima anayesema "mahindi yangu yote yameliwa" hana nguvu. Mkulima anayesema "mashina 4,500, ambayo ni robo ekari, na hii hapa karatasi" ana nguvu. Hata mfugaji hupenda hesabu, maana nayo humlinda asitozwe zaidi ya hasara. Mara nyingi watu wakiiona karatasi husuluhishana hapo hapo, na mahakama hawaendi.

KESI YA BI HOLARIA

Tukiwa njiani kwenda Mbeya, Bibi Maendeleo alitusimulia kesi moja ya Mkoa wa Kagera. Ni kesi inayojulikana sana kwa watu wa sheria.

Bi Holaria Pastory aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 akaliuza, maana alikuwa mzee na hakuwa na mtu wa kumtunza. Mpwa wake wa ukoo akamshtaki. Alisema kwa mila ya Wahaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza shamba la ukoo. Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha ikakubaliana na mpwa.

Bi Holaria hakurudi nyumbani kulia. Alikata rufaa. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikasema ana haki ya kuuza. Mpwa naye akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akatoa hukumu. Alisema Katiba inakataza ubaguzi, na mila inayombagua mwanamke haiwezi kushinda Katiba. Bi Holaria akashinda.

Baadaye, mwaka 1999, Sheria ya Ardhi ya Vijiji iliandika wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume.

Fikiri kidogo. Kama mama yule angengoja siku 47, shamba lingekwenda.

MBEYA: JUU YA NGAZI

Safari yetu iliishia Mahakama Kuu, Mbeya. Mahakama Kuu ni ya zamani. Mwaka 2021 ilitimiza miaka 100 tangu kuanzishwa. Mwaka 2024, tulipotembelea, rufaa za Songwe zilikuwa zikipelekwa hapo. Anayetoka Mahakama ya Wilaya kwa kesi iliyoanzia Mwanzo ana siku 30 vilevile.

Kutoka kwetu Tunduma mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 100. Kwa mtu wa bonde la Momba ni mbali zaidi. Nauli, chakula na malazi ni mzigo. Serikali inajaribu kuupunguza mzigo huo. Mwaka 2019 zilizinduliwa mahakama zinazotembea ndani ya magari, zikaanzia Dar es Salaam na Mwanza. Mwaka 2021 vilizinduliwa vituo jumuishi vya utoaji haki katika miji kama Dodoma, Arusha na Morogoro. Humo jengo moja lina ngazi zote, tangu Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Basi kabla ya kufunga safari, uliza mahakama ya karibu rufaa yako inapelekwa wapi sasa.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Ingia mahakamani ukasikilize hata kama huna kesi. Kila mwaka, mwishoni mwa mwezi Januari, huwa kuna Wiki ya Sheria. Elimu hutolewa bure.

2. Kesi ya ardhi ianzie kwenye mabaraza ya ardhi. Usipoteze miezi kwenye mlango usio wako.

3. Makubaliano ya shamba, ng'ombe au fedha yaandikwe. Weka tarehe, majina, mashahidi na sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Baada ya hukumu, omba nakala mara moja. Isome au isomewe.

5. Hesabu siku. Siku 30 kutoka Mwanzo kwenda Wilaya. Siku 30 kutoka Wilaya kwenda Mahakama Kuu. Siku 45 kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

6. Karatasi itunzwe mahali pakavu, lakini watu wa nyumbani wajue ilipo na imesema nini.

Hakimu hawezi kuja kukutafuta shambani akuambie siku zako zinakwisha. Kazi hiyo ni yako, na sasa unaweza kuifanya, maana unajua kusoma tarehe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu na kijiji chetu iko wapi? Nani kati yetu amewahi kuingia kusikiliza?

2. Wajumbe saba wa Baraza letu la Ardhi la Kijiji ni akina nani? Wanawake ni wangapi?

3. Hukumu imetolewa tarehe 10 Juni. Siku ya 30 ni tarehe ngapi? Tumieni kalenda.

4. Ng'ombe wameingia shambani leo asubuhi. Tuanze na nini?